Vidole vya Saluni

Haya yalimkuta rafiki yangu, karani wa benki, wiki mbili baada ya kumzika mama yake. Alikwenda saluni kusuka ili arudi kazini.

"Bei imepanda, dada, na rasta ununue mwenyewe," msusi alimwambia.

Akakubali bila kubisha. Siku hizo hakuna kilichomgusa.

Aliketishwa chumba cha ndani, kisicho na dirisha, wakiwa wawili tu, yeye na msusi. Kichwa kilikuwa kimefika nusu umeme ulipokatika, likawa giza totoro. Vidole havikusimama. Alisikia nywele zikisuguana, na pumzi za taratibu kisogoni.

Kisha sauti ya msusi ikatokea nje, ng'ambo ya barabara: "Dada, nivumilie, nanunua mafuta ya jenereta!"

Rafiki yangu hakupiga kelele wala hakuinuka. Alisema tu, "Usikaze sana."

Vidole vikalegeza.