Pistoni Iliyotumika

Rafiki yangu fundi cherehani hutema mate kila akisimulia haya. Jenereta lake lilichoka wakati hana mbele wala nyuma, na nguo za wateja zimelala. Akanunua pistoni iliyotumika kwa muuza vyuma chakavu, akaifunga mwenyewe ndani ya stoo isiyo na dirisha, simu ikimmulikia.

"Baba watoto, mbona humo kunanuka mzoga?" mkewe akauliza mlangoni.

"Oili chafu tu."

Akavuta kamba. Injini haikuwaka. Ilikohoa kikohozi kilichojaa makohozi, ikanyamaza, kisha akaisikia ikimeza mate. Akaziba pua kwa kola, akafungua plagi mpya ya kuwashia injini aliyoifunga dakika chache kabla. Ilitoka vuguvugu, ikidondosha ute mzito, na kwenye chuma chake kulikuwa na alama za meno.