Mgeni wa Siagi

Mwatime alipiga hodi kwenye nyumba ya mwisho ya makumbusho. Ndivyo alivyolelewa huko Kwale: mlango hauingiwi kimyakimya, hata uwe wa banda la kuku. Sabri, mumewe, akaangua kicheko.

"Mke wangu, unapiga hodi museum? Si tumelipia tiketi?"

"Karibuni, piteni," sauti ikajibu kutoka ndani.

Kicheko cha Sabri kikakatika. Shamba lile, mwendo kidogo kutoka Woodbridge, huko Marekani, liliwekwa kuonyesha maisha ya walowezi wa kale: nyumba za magogo, wafanyakazi waliovaa magauni marefu na kofia za kitambaa, mbuzi wa watoto kushikashika. Tangu asubuhi hawakusikia Kiswahili ila cha kwao wenyewe.

Ndani, bibi wa Kizungu aliketi pembeni akisukasuka maziwa kwenye pipa la mbao. Mwatime akajiambia kwamba huyu lazima aliwahi kuwa mmishonari Kenya. Lakini harufu jamani! Nyumba nzima ilinuka mafuta yaliyochacha, na mikono ya bibi iling'aa kwa ute mpaka kwenye viwiko. Vidole vyake havikuwa na ukucha hata mmoja.

Bibi alichota siagi kwa kidole, akamtia Sundus, binti yao, mdomoni. Mwatime alitaka kumvuta mtoto, ila aliona haya kumkatalia mtu mzima mbele ya uso wake.

"Mommy, it's so good!" Sundus akasema.

"Sema ahsante kwa Kiswahili. Kila siku nakwambia! Mtu akikupa kitu, ahsante. Mkiagana, karibu tena. Taabu iko wapi?"

"Thank you," Sundus akasema, akilamba midomo.

Kwa kumwonea aibu mwanawe, Mwatime akazidisha adabu yeye. "Ahsante sana, bibi. Nawe siku moja ukaribie kwetu."

"Nimekaribia," bibi akajibu, akaanza kuinuka.

Getini walimkuta Mkenya aitwaye Simiyu, mkata tiketi, nao wakamsifia bibi yao anayejua Kiswahili. Simiyu akawatazama mmoja mmoja.

"Aunty, hiyo nyumba ya mwisho tumeifunga tangu winter. Floor yote imeoza. Mlango tulipigilia misumari."

Sabri aliendesha moja kwa moja mpaka nyumbani, Upper Marlboro.

Kesho yake asubuhi Mwatime alifungua friji, akarudi nyuma ameziba pua. Maziwa yalikuwa yameganda yote, mtindi wa manjano uliojaa nywele za mvi. Akamwaga, akasugua, akafukiza ubani. Adhuhuri ukuta wa jiko ukaanza kutoa jasho, na jasho lenyewe lilikuwa mafuta, mazito, yakishuka taratibu mpaka sakafuni, na kutoka kabati la vyakula ikasikika chubwi, chubwi, chubwi, mtu anasukasuka maziwa bila haraka, mtu aliyestarehe kwa watu.

Hayo yote Mwatime angeyavumilia. Kilichomvunja ni Sundus. Mtoto aligoma kula wali, akagoma mkate, akagoma hata pizza. Viganja vyake vilitoa siagi, naye alikaa kochini akivilamba, mbele na nyuma, mashavu yakizidi kubonyea kila kulipokucha. Daktari alipima damu, akasema hana ugonjwa. Jioni hiyo Mwatime alimkuta jikoni ameubandika ulimi ukutani, akilamba kutoka chini kwenda juu, macho ameyafumba kwa utamu. Alipombandua, Sundus akakohoa, akatema ukucha wa mtu mzima.

Mwatime alitapika palepale kwenye sinki, kisha akalia.

Maalim Badawi aliletwa kutoka Woodbridge. Alisoma mpaka koo likakauka, na kabatini chubwi, chubwi haikusita hata kidogo. Akafunga msahafu, akauliza kwa kunong'ona, "Nani alimwalika?"

Mwatime akainamisha kichwa.

"Basi hatoki kwa kufukuzwa. Alikuja kwa adabu yako, ataondoka kwa adabu yako. Msindikize mpaka kwake, mchana. Mtoto muende naye, maana ndiye aliyelishwa. Ukifika mlangoni mwambie amefika, ugeuke. Neno la kumkaribisha lisitoke, hata ulimi ukuwashe."

"Na mtoto je?" Sabri akanong'ona.

"Huyo?" Mwatime akasema. "Kiswahili chenyewe hakitaki."

Wakaenda. Sabri aliendesha madirisha yote wazi, na bado harufu haikutoka, kwa maana kiti cha nyuma, kando ya Sundus, kilikuwa kimebonyea pasipo mtu, na kwenye ule mbonyeo mafuta yalikusanyika, yakatiririka kwenye zulia, yakafika chini ya visigino vya Mwatime yakiwa na uvuguvugu wa mate, naye hakuthubutu kuinua miguu, asije mgeni akaona anachukiwa, akakataa kushuka.

Mlango wa nyumba ya magogo ulikuwa umepigiliwa misumari, kama Simiyu alivyosema. Jua lilikuwa la utosi. Mwatime alimshika Sundus kwa mkono mmoja, kiganja kikiteleza.

"Bibi," akasema, "umefika kwako."

Halafu ndani ya nyumba ubao ukalia, mtu amekanyaga. Harufu ikakatika. Mwatime akahisi kiganja cha mwanawe kikikauka ndani ya chake, kikawa kiganja cha mtoto, cha kawaida, na Sundus akasema, "Mommy, I'm hungry. Can we get pizza?"

Mwatime alicheka na kulia kwa pamoja. Neno la kuagana lilimjaa kinywani kwa mazoea ya maisha yake yote. Akaliuma, akalimeza, akageuka na kuanza kutembea. Alikuwa ameshinda.

Lakini Sundus alitazama nyuma. Akakumbuka alivyosemwa siku ile, akataka kumfurahisha mama yake. Akapunga mkono, na kwa Kiswahili safi, ambacho Mwatime alikisubiri tangu mtoto aanze kusema, akaita:

"Ahsante, bibi! Karibu tena!"

"Nimekaribia," sauti ikajibu.

Sundus akainua uso, akitabasamu, akingoja kusifiwa. Mkononi mwa Mwatime, kiganja kidogo kikaanza kuteleza.