Sala Zilizojaza Simu

Meli ilikwisha acha gati la Iloilo, na Rodel bado anafoka. Mkewe, Analyn, alikuwa juu kwenye sitaha. Anakwenda Manila, kisha Hong Kong, kulea watoto wa watu.

“Utume ujumbe!” Rodel alipaza sauti. “Usiniache kama mjane!”

“Wewe ndiye ujibu!” Analyn akamrudishia. “Simu si pambo la kiunoni!”

Ndivyo walivyoagana.

Ilikuwa mwaka 2001, na Ufilipino nzima ilikuwa ikibonyeza simu. Kupiga kulikuwa ghali, ujumbe ulikuwa rahisi. Asubuhi salamu, mchana utani, jioni sala. Sala ndizo zilizompendeza Nanay Sabel, mama yake Rodel. Lakini zilikuja na vitisho: tuma kwa watu tisa, usifute, ukifuta msiba utaingia nyumbani mwako.

“Usithubutu kuifuta,” alimwambia mwanawe kila ilipoingia nyingine.

Jumapili moja alama ya bahasha ikaanza kumetameta juu ya kioo cha simu.

“Waona?” Nanay Sabel akafurahi. “Sala zinafanya kazi.”

Wiki ileile binti wa Rodel na Analyn, Jinky, akashikwa na homa na kikohozi. Alihema mpaka mbavu zinaingia ndani. Wakamkimbiza zahanati.

“Kuna dawa inayomdhuru?” muuguzi akauliza.

Rodel akababaika. Mwaka uliopita mtoto alidungwa sindano, akavimba uso hadi macho yakafumbika. Siku hizo Rodel alikuwa kisiwa cha Negros akikata miwa. Jina la dawa alilijua Analyn peke yake.

“Muulize mama yake, upesi,” muuguzi akasema. “Nikibahatisha naweza kumuua.”

Rodel akatuma ujumbe. Kimya. Akatuma mwingine. Kimya.

“Keshanogewa na Hong Kong!” akanguruma. “Mtoto anakufa, yeye anastarehe!”

“Nilikuonya,” Nanay Sabel akadakia. “Mwanamke mwenye ulimi ule...”

“Nanay, nyamaza!”

Manang Choleng, jirani yao, alikuwa kwenye foleni ya zahanati. Alikuwa fundi wa mitambo katika kampuni moja ya simu.

“Lete hiyo simu,” akasema. “Unamtukana mkeo mbele za watu kwa kosa gani?” Akaitazama, naye akapandwa na hasira. “Bahasha hii inametameta tangu lini?”

“Tangu Jumapili.”

“Simu imejaa, Rodel! Majibu ya Analyn yamekosa pa kuingia.”

“Yako wapi basi?”

“Mtamboni. Ujumbe hauruki kutoka mkono hadi mkono. Hufika kwanza kwenye mtambo, na mtambo hubisha hodi kwenye simu yako. Simu ikiwa imezimwa au imejaa, ujumbe hungoja. Ukingoja siku nyingi, hutupwa.”

“Nani alibuni upuuzi huu?”

“Wazungu. Waliona njia ambayo simu husalimiana kwayo na mnara ina nafasi kidogo isiyotumika, wakapenyeza maneno humo. Ndiyo maana ujumbe mmoja ni herufi mia moja na sitini tu. Wa kwanza ulikuwa salamu ya Krismasi, mwaka 1992. Wao walidhani ni kitu cha pembeni. Sisi tulipewa bure mwanzoni, tukaufanya wali wa kila siku. Lakini kadi ya simu yako ni kikopo, ikijaa imejaa. Futa!”

Nanay Sabel akaidaka simu. “Sala haifutwi! Msiba utaingia!”

“Msiba huu hapa, Nanay!” Rodel akafoka. “Unahema mapajani mwako!”

“Mama yangu,” Manang Choleng akasema, “Mungu haweki sala kwenye kadi ya simu. Vitisho hivyo kaviandika mhuni, na kila anayevituma anamsaidia kutisha wazee.”

Nanay Sabel akamtazama mjukuu wake. Akapiga ishara ya msalaba.

“Futa,” akasema. “Lakini futa wewe. Mimi simo.”

Rodel akafuta. Simu ikalia, ikalia tena, ikalia tena: majibu ya Analyn.

“Penisilini. Asipewe penisilini.”

“Umeipata?”

“Rodel, wewe baba wa namna gani? JIBU!”

Muuguzi alitoa dawa nyingine. Jinky alipona, na jina la penisilini likaandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Nanay Sabel aliendelea kusali, akaacha kutuma vitisho. Rodel alizoea kufuta ujumbe wa zamani kila wiki. Matusi aliyomtupia mkewe pale zahanati, majirani walimfikishia. Analyn alirudi baada ya miaka miwili, akakaa miezi mitatu, akaondoka tena kwenda kazini Hong Kong. Manang Choleng alihamishiwa na kampuni yake mji wa Cebu.