Mfereji Uliorudisha Maboksi

Ndugu zangu wa bondeni na wa kilimani, sogeeni. Ninayowaambia yalitokea katika nyumba moja ya Namuwongo, chini kabisa, karibu na reli. Lakini maji yakishaanza kutembea, hayaulizi nyumba ni ya nani.

Asubuhi za nyumba hiyo zilikuwa tamu. Nabilah alikaanga vitunguu kwa samli, na mama yake, Hajati Nusura, akamsimamia kutoka kitandani kwa pua tu.

"Punguza moto, binti. Vitunguu vinaungua."

Hajati alikuwa amepooza miguu. Hakuweza kwenda popote bila kubebwa, na mbebaji alikuwa Nabilah. Wali na mchuzi aliouza kando ya reli ndivyo vilivyowaweka mjini wote wawili.

Zamani wateja walikula kwenye sahani, papo hapo. Kisha Nabilah akayapenda maboksi meupe ya povu, yale mepesi yenye kifuniko. Hakuna kuosha, hakuna kungoja sahani irudi. Na kwa kuwa yeye ni Mnubi, na nyumba ya Mnubi haikosi hina, kila boksi lenye pilipili alilitia nukta moja ya hina. Mtaa mzima uliijua nukta ile.

Jirani yake Bibiane, Mkongomani, aliuza chikwanga, muhogo uliopondwa na kufungwa katika majani. Siku moja alimwona Nabilah akimimina mchuzi unaochemka.

"Dada, angalia chini. Mafuta iko nakula boksi yako."

Kweli, kitako cha boksi kilikuwa kimejikunja, na harufu kama ya rangi mbichi ilipanda na mvuke. Nabilah alilifunga haraka.

"Wewe na majani yako, Bibiane. Unauza chakula ama unalisha mbuzi?"

"Mbuzi iko na akili, dada. Hiyo povu hatakula."

Watu walicheka. Nabilah naye alicheka, akampa boksi lile lile Abubaker wa bodaboda. Abubaker alikula akiwa juu ya pikipiki yake, akamaliza, akalitupa mferejini. Mtaniuliza, Nabilah hakuona? Aliona. Alikuwa akijaza boksi jingine.

Mvua ilikuja mchana huohuo, nzito, bila upepo. Maji ya mfereji yalipaswa kupita kwenye kalavati, lile bomba kubwa lililo chini ya reli. Hayakupita. Yalisimama, yakapanda, yakageukia nyumba. Nabilah aliacha sufuria motoni akakimbia nyumbani.

Ndani, maji yalikuwa yamekilamba kitanda. Hajati alikuwa ameshika chandarua kwa mikono yote miwili. Maboksi meupe yalizunguka chumbani polepole, na moja, lenye nukta ya hina, lilikuwa limegota kwenye bega lake.

"Mama, nimefika."

"Chakula chako kimetangulia," Hajati alisema, meno yakigongana.

Nabilah alimwinua, akateleza kwenye tope, wote wawili wakazama hadi shingoni. Hapo mikono mingine iliingia: Bibiane upande mmoja, Abubaker upande mwingine. Walimlaza Hajati juu ya mlango uliong'oka, wakampandisha kwenye tuta la reli. Alikuwa baridi kama samaki, lakini alikuwa hai.

Mvua ilipokatika, Nabilah alichukua reki akaenda kwenye kalavati. Ndani yake kulikuwa na chupa na mifuko ya kila mtu, sikatai. Lakini maboksi ndiyo yaliyojenga ukuta. Hata la zamani kabisa halikuwa limeoza, na nukta zilikuwa zikimtazama.

"Hilo labda ni langu," Abubaker alisema taratibu.

"Yote ni yangu. Wewe shika reki."

Alipofungua tena kibanda, hakukuwa na boksi hata moja. Bibiane alikuwa amemfundisha kupasha majani ya mgomba juu ya makaa yalainike yasipasuke. Wali ulifungwa humo. Anayetaka mchuzi, alete chombo chake au akae ale kwenye sahani.

"Na mimi sina chombo," alisema Abubaker. "Nipakulie mkononi?"

"Lete hiyo helmeti yako."

Wateja wengi walicheka wakavuka kwenda kwa muuzaji mwingine. Siku ile wali ulibaki, na ya pili pia. Nabilah alifunga majani yake vile vile, taya limekaza. Kisha Abubaker akaja na bakuli la bati, akalining'iniza kwenye usukani kama tuzo. Wenzake wa stendi walimtania, halafu nao wakaja na mabakuli.

Mvua kubwa iliporudi, Hajati aliyasikia maji yakinguruma nje.

"Unibebe?"

Nabilah alisimama mlangoni akitazama mfereji. Maji yalikuja kwa hasira, yakafika kwenye kalavati, yakapita.

"Lala, mama. Yanapita."

MAFUNZO

Usimimine chakula cha moto chenye mafuta katika boksi la povu. Kinachoyeyuka pale kinaishia tumboni mwa mteja wako. Ukilitupa, haliozi. Linakaa mferejini likingoja mvua. Muuzaji, rudisha sahani na majani. Mlaji, beba bakuli lako bila aibu. Na ukiona mkono unatupa, usisubiri maji yafike kitandani kwa mama yako ndipo uuzuie.