Sauti Nne za Natalia

Mzee Basili alikuja jioni nikimenya viazi. Alisimama nje ya mlango, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimeleta ya marehemu." Alinipa redio ndogo ya kaseti iliyofungwa kwa mpira. "Uitunze. Hii ndiyo orijino. Za akina mama ni za kuiga."

"Zote ni za kiwanda kimoja, mzee. Wamebadilisha majina tu."

"Ndivyo wanavyosema wenye za kuiga."

Nadhani nilitabasamu. Alikataa kuingia, akaaga.

Natalia, mke wangu, alifundisha kwaya hapa Endagikot. Waimbaji wake wengi hawasomi noti, na wazee hawana simu za kuhifadhi nyimbo. Kwa hiyo alinunua mnadani redio nne za kaseti za kubeba mkononi: Sanoki, Nivaco, Tokora, Belteki. Umbo moja, vitufe vilevile, majina tofauti. Katika kila moja aliimba sehemu moja ya wimbo, peke yake. Soprano, alto, teno, hata besi. Kila kundi lilijifunzia nyumbani. Alipofariki, walizirudisha moja moja. Belteki ya Basili ilikuwa ya mwisho.

Sikuwa na rekodi nyingine ya sauti yake.

Nilizipanga mezani. Evaline, binti yetu wa miaka mitano, alikuwa anakula. Nilizibonyeza zote kwa pamoja.

Ninafundisha fizikia. Mota za mashine za bei ndogo haziendi sawa. Baada ya ubeti mmoja sauti zilipaswa kupishana.

Hazikupishana.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili. Sikulia. Niliangalia kaseti zikizunguka. Kisha zikanyamaza zote, pale alipokuwa akivuta pumzi kabla ya kiitikio.

Kiitikio hakikuja.

Ilikuja harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa...

"Evaline," ikaita Sanoki.

Mtoto akaweka kijiko chini.

"Evaline," ikaita Nivaco.

"Evaline..." Hii ilikuwa Tokora. Ilisikika karibu zaidi, ingawa zote zilikuwa meza moja.

Restituta, dada wa Natalia, alimfundisha mtoto jambo moja tangu aanze kutembea. Giza likishaingia, ukiitwa na mtu usiyemwona mdomo, usiitike. Nilikuwa namtania shemeji kwa hilo. Lakini mama yake alimfundisha pia kwamba mama akiita, unaitika mara moja.

Belteki ikangoja. Kisha ikasema, kwa besi ileile aliyoiimba akijizuia kucheka:

"Njoo unifungulie."

Komeo la mlango likatikisika.

Nilimziba mtoto mdomo. Meno yake madogo yaligusa kiganja changu.

"Usiitike," nikanong'ona.

"Ni mama," alisema ndani ya mkono wangu.

"Najua."

Sijui kama alikuwa ameshatoa sauti kabla sijamfikia. Nilisikia "a" fupi tu. Huenda ilikuwa pumzi.

Komeo likatulia. Nikazima zote. Baadaye nilizirudisha nyuma na kuzisikiliza moja moja. Wimbo mtupu, mpaka mwisho. Hakuna anayeita. Nje, kwenye tope, zilikuwepo nyayo za Mzee Basili tu.

Nilimpigia simu Restituta, anayeishi Gehandu.

"Shemeji, ulizipiga zote pamoja?"

"Ndiyo."



"Alikuwa ametawanyika kwa watu, ametulia," alisema. "Wewe umemkusanya. Ulitaka afanye nini?"

"Sasa itakuwaje?"

"Ameshaita. Haondoki mpaka aitikiwe."

"Aitikiwe na yeyote?"

"Usiniulize hivyo, shemeji."

Asubuhi nilimpandisha Evaline basi la kwanza pamoja na jirani yetu Marieta, ampeleke Gehandu kwa mama yake mkubwa. Nilimvalisha sweta. Nilisimama stendi mpaka basi lilipopotea.

Nilirudi nyumbani. Nikafunga mlango, nikateremsha mapazia mpaka chumba kikawa giza. Nikarudisha kaseti nyuma, nikazipanga redio nne mezani, nikazibonyeza.

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Pumzi.

Alipoita jina la mtoto, niliitika mimi.