Bua Lisilo na Nywele

Kila asubuhi Tahmine aliwafungulia kuku, akawasha samovari ya chai, kisha akamsomea Bibi maandishi ya chupa za dawa, maana macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu. Kazi ya mwisho ilikuwa kumwagilia mmea mrefu uliosimama kando ya ukuta wa ua. Hiyo aliifanya upesi, tena bila kuutazama.

Bibi aliuita golpar. Golpar halisi huota mlimani, na hapa kwetu Taleghan mtu asiye na achari ya mabua yake huona haya kualika wageni. Miguu ya Bibi haikuweza tena kupanda mlima, kwa hiyo vuli iliyopita alimpa mjukuu wake mbegu. "Zipande kwenye mkebe, uuache nje theluji iulalie," alimwagiza. "Bila baridi haziamki."

Tahmine alizionea huruma mbegu. Msimu wote wa baridi aliuficha mkebe nyuma ya jiko, kwenye joto. Theluji ilipoyeyuka, miche ya majirani ilichomoza, yake haikutoka hata mmoja.

Angesema tu, yangeisha. Badala yake alikwenda mferejini, akang'oa mche aliodhani unafanana, akaupanda kando ya ukuta. Ulikua kwa pupa, ukampita kimo, ukatoa maua meupe yaliyotandaa kama mwavuli.

"Golpar za wengine hungoja miaka miwili mitatu ndipo zitoe bua," Bibi aliwatambia majirani. "Ya mjukuu wangu, miezi tu. Huyu mtoto ana mkono wa baraka."

Kila sifa ilimbana Tahmine zaidi. Angeanzaje sasa kusema? Siku ya kutengeneza achari alimenya na kukatakata mabua yeye mwenyewe, Bibi akamimina siki, na harufu ya siki ikafunika kila kitu.

Wiki tatu baadaye, Ijumaa asubuhi, rafiki yake Parastu alikuja kuazima ungo. Akausogelea ukuta.

"Ndiyo hii golpar yenu ya miujiza?" alicheka. Halafu kicheko kikamkauka. "We Tahmine, hebu shika hapa. Nywele ziko wapi? Bua la golpar lina nywele kama kidevu cha babu yangu. Hili laini, tena lina madoa ya zambarau. Nusa jani."

Tahmine akanusa. Lilinuka mkojo wa panya.

"Hii ni shokaran," Parastu alisema. "Kondoo wetu wawili waliila mwaka juzi, hawakufika jioni. Mmeshaionja?"

"Bado."

"Basi kamwambie Bibi sasa hivi."

"Nitamwambia," Tahmine alijibu, na moyoni hakujua kama atamwambia.

Hakupata nafasi. Ami Keyvan, kaka wa baba yake, aliwasili na mkewe na mtoto wao Sorena wa miaka minne. Kitambaa cha chakula kikatandikwa sakafuni. Tahmine alijikuta ameketi kati ya Bibi na ukuta, hana pa kupitia. Wali ukaja, kuku akaja, kisha Bibi akaweka mtungi wa achari katikati.

"Hii imepandwa na binti yetu," alisema. "Karibuni."

Sorena akanyoosha mkono. Tahmine aliurukia mtungi, ukaanguka, siki ikatapakaa juu ya mkate.

"Samahani, umeniteleza," alisema, akakusanya vipande vyote haraka. Alipumua. Imekwisha, aliwaza, na hakuna aliyejua.

"Si neno," Bibi alisema kwa upole. "Nilijaza mitungi miwili. Ule wa pili nilimpelekea Bi Effat asubuhi, naye ana wageni leo. Kamwombe bakuli moja."

Bi Effat, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa na wajukuu sita.

"Bibi, ile si golpar," alisema huku akilia. "Mbegu zako hazikuota, niliziweka jikoni. Nilichopanda ni shokaran. Nilijua tangu asubuhi."

Ami Keyvan alishatoka mbio bila viatu, Tahmine nyuma yake. Kwa Bi Effat achari ilikuwa imeshapakuliwa kwenye visahani, lakini walikuwa wanamngoja mwenye nyumba arudi kutoka sala ya Ijumaa. Hakuna aliyekuwa ameonja. Tahmine aliungama mbele ya watu kumi na mmoja, na kila mmoja alimtazama.

Waliporudi, Ami alivaa glavu, akaung'oa mmea pamoja na mizizi, akaufukia mbali na malisho. Mkewe alimsimamia Tahmine akinawa mikono kwa sabuni mara tatu.

Bibi hakufoka. Hilo lilimuumiza Tahmine kuliko kufokewa.

"Na mimi nina langu," Bibi alisema hatimaye. "Nilijua golpar haikui hivyo, ila nilipenda kujisifu. Kuanzia leo mmea tusioujua kwa kuushika na kuunusa hauingii mdomoni, hata ukiletwa na mjukuu wangu."

"Nisamehe, Bibi. Niliogopa utakasirika."

"Ningekasirika mpaka wakati wa chai." Bibi aliupapasa uso wa Tahmine uliolowa, akamvuta karibu. Katika chumba cha pili Sorena alikuwa akicheka. "Ungeniambia mbegu hazikuota, tungekosa achari. Msikilize yule, mwanangu, uone kwa kunificha karibu tumkose nani."