Kitambaa Chekundu Kwenye Mgomba

Soko la Bukoba siku ya Jumamosi halina adabu. Unakanyagwa, unasukumwa, na ukisimama kuwaza unauziwa usichotaka. Sumaiya alikuwa ameinamia mkungu wa ndizi, gauni la bluu kalikusanya kwa mkono mmoja lisiguse tope, mara mwanga wa simu ukampiga usoni.

"We kaka! Mimi ndizi?"

"Samahani, dada. Nilikuwa napiga picha ya mkungu. Wewe umeingia tu."

"Basi nitoe."

Kijana akaitazama simu yake. Mrefu, shati jeupe, mikono kaikunja mpaka kwenye viwiko. "Hapana. Kilichoharibu picha ni mkungu."

Muuza ndizi alicheka mpaka kitenge kikamlegea. Sumaiya akajifanya kanuna, lakini namba alitoa.

Aliitwa Twaibu, mtoto wa Muleba. Alikuwa anatengeneza programu ya akili mnemba: mkulima anapiga picha mgomba wake, simu inamwambia kama una ugonjwa wa mnyauko, halafu inamweleza kwa nini. Na Sumaiya wa Bilele alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa na ofisi iliyopewa kazi ya kuipima programu hiyohiyo. Asiangalie jibu peke yake. Asome na maelezo, hatua kwa hatua, ajue kama mashine imefikiri au imebahatisha.

"Kumbe mwalimu wangu ni wewe?" Twaibu alimwambia kwenye simu.

"Mwalimu wa mashine yako. Wewe umeshashindikana."

"Nifundishe taratibu, mpenzi."

"Ukiniita mpenzi tena nakata."

"Mpenzi."

Hakukata.

Wakapendana hivyo, jioni kwa jioni, wakitembea kando ya ziwa na mahindi ya kuchoma mkononi. Twaibu akamwahidi: programu ikipita mtihani, wilaya itaichukua, yeye atapata kazi ya kudumu, na wazee wake watakuja Bilele kuposa kwa mjomba wa Sumaiya. Sumaiya alilala na hiyo ahadi kama mtoto na mdoli.

Siku moja, akipita karibu na stendi, akamwona Twaibu hotelini na Zuena, dada aliyemsaidia kupiga picha zote za migomba za kuifundishia mashine, huko vijijini Ngenge. Zuena kavaa dera la njano, anacheka, kamshika Twaibu mkono. Sumaiya akampigia palepale.

"Uko wapi?"

"Kazini, mamii."

"Kazini ndiko mnakoshikana mikono?"

"Sumaiya, subiri nikueleze..."

Akakata.

Kesho yake alikaa kwenye kompyuta macho yamevimba. Mashine ilikuwa inapatia karibu picha zote, na maelezo yake matamu kama ya wakili. Lakini kuna kitu kilimkereketa. Kila mgomba mgonjwa ulikuwa umefungwa kitambaa chekundu shinani. Mabwana shamba wa kule huwa wanafunga hivyo ili wasisahau migomba ya kukata, na Zuena alipiga picha zake wao wakishapita. Sumaiya akakifuta kitambaa kwenye picha. Mashine ikasema mgomba mzima. Akakirudisha. Mgonjwa! Na kwenye maelezo kitambaa hakitajwi hata kidogo, ni majani tu na utomvu. Ilikuwa inaangalia kitambaa, halafu inasimulia majani.

Akajiuliza: au nafanya hivi kwa sababu ya Zuena? Akarudia na picha nyingine, na nyingine. Yaleyale. Akaandika: imefeli.

Simu ikalia kabla hajanywa chai.

"Umenifelisha kwa wivu?"

"Twaibu, soma sababu nilizoandika."

"Sababu zako nazijua! Majibu yenyewe si sahihi? Jumatatu naionyesha kwa afisa wa wilaya kule Muleba, upende usipende."

Twaibu akamfungia namba. Sumaiya alilia, lakini kilichomnyima raha zaidi ni wale wakulima. Wakiiamini hiyo simu, mgomba mgonjwa usio na kitambaa utaachwa, mpaka kibanja, yaani shamba zima la migomba, kiteketee.

Jumatatu akapanda basi la Muleba.

Alikuta watu wamejaa kwenye kibanja cha mkulima mmoja, Mama Ephrasia. Twaibu kavaa koti, jasho linamtoka, kamwona na kageuza uso. Zuena yuko pembeni. Afisa wa wilaya yuko mbele. Sumaiya, ambaye hata kuomba maji kwa watu huona aibu, akapenya mpaka katikati.

"Mama, mgomba gani hapa ni mzima kabisa?"

"Huu, waitu, mwanangu. Naupenda kuliko mume wangu."

Watu wakacheka. Sumaiya akafungua mkanda mwekundu wa gauni lake, akaufunga kwenye ule mgomba.

"Twaibu, piga picha."

Twaibu angeweza kukataa. Alimtazama Sumaiya, akainua simu. Ikaongea kwa sauti: "Mgomba huu una mnyauko. Majani yamekuwa ya njano. Ukate."

Mama Ephrasia akaukumbatia mgomba wake. "Nani aukate? Njano iko wapi? Mwendawazimu!"

Twaibu akafungua mkanda mwenyewe, akapiga tena. "Mgomba huu ni mzima."

Uso ukamshuka. Akawageukia watu. "Wazee wangu, programu hii haifai. Msiitumie."

Afisa akapanda gari lake, akaondoka bila kuaga.

Twaibu akamfuata Sumaiya, mkanda mkononi. "Ulikuwa sahihi. Mimi nikakupa sababu isiyo yako."

"Wivu nilikuwa nao kweli," Sumaiya alisema. "Ila sio uliokufelisha."

"Na wewe usijitoe lawamani," Zuena akadakia. "Uliona mkono tu, kesi ukaimaliza! Mimi nina mume Kamachumu. Nilikuwa namcheka huyu, anamwogopa mjomba wako kuliko simba."

Sumaiya akaangalia chini. "Nisamehe, dada."

"Sasa sina kazi," Twaibu akasema. "Wazee wangu niwaambie nini?"

"Kwani wanakuja kuposa au kuomba kazi? Waje Ijumaa baada ya swala. Picha tutapiga upya, mimi na wewe. Ila mjomba atakuuliza kwa nini unanitaka. Ujiandae na sababu za kweli."

"Ninazo. Ya kwanza..."

"Sio hapa, watu wanasikia!"

"Aseme!" Mama Ephrasia akapaza sauti, bado kaushika mgomba. "Nimeponea chupuchupu kukatiwa mgomba wangu, na mimi nisikie."

Watu wakasogea karibu. Twaibu akamrudishia Sumaiya mkanda wake, akaanza na ya kwanza.